Nani Anavuka, na Ana Mzigo Gani?

*Penrhyd, 3 Aprili 1827*

Mimi Guto Parri, niitwaye Guto wa Kamba pande zote mbili za maji haya, leo naanza kuandika. Shule nilisoma majira mawili ya baridi tu. Mwalimu alisema kichwa changu si kibaya, ila makalio hayakai. Yaliyobaki nimeyasomea baharini. Nimekula machungwa Lisboni, nimeibiwa kofia Smirna, nimegandishwa ndevu Riga, na hakuna fundo la kamba lililozaliwa ambalo sijalifunga na kulifungua nikiwa nimefumba macho.

Naandika kwa sababu nawajua watu. Daraja likishasimama, kila mmoja atasema alilijenga yeye. Basi mimi nawahi kuandika kwamba nililijenga mimi.

Minara miwili ya mawe imekwisha, mmoja huku kwetu Penrhyd, mwingine kule ng'ambo, kisiwani Ynys Garan. Katikati hakuna kitu isipokuwa bahari nyembamba yenye mkondo wa kichaa. Kiangazi hiki tutatundika minyororo ya chuma toka mnara hadi mnara, na chini ya minyororo tutaning'iniza barabara. Bwana Mhandisi anachora, mzee Elis Humphreys anasimamia vibarua, na mimi nafunga kamba. Mhandisi akikosea, anafuta. Mimi nikikosea, mtu anazikwa.

Leo nimevuka na Gaenor. Gaenor ni mjane, ndiye mvushaji wa kivuko, na nyumba yake iko ng'ambo, pale pale majini. Upande wetu kuna nguzo, na kwenye nguzo imetundikwa pembe ya ng'ombe. Sheria ya kivuko ni ya tangu enzi za mababu: pembe ikilia mchana, mvushaji sharti aje, aliyemwita awe askofu au mwizi wa kondoo. Asipokuja, kivuko anapewa mwingine.

Basi nikapiga. Akaja. Akasimamisha mashua urefu wa kasia kutoka kwenye mawe, akauliza kama amwulizavyo kila mtu: "Nani anavuka, na ana mzigo gani?"

Nikamwambia ni mfalme wa Hispania, na magunia kumi ya dhahabu.

"Dhahabu inalipiwa nauli ya nguruwe," akasema. "Mfalme akae katikati, asinichafulie ubao."

Mwanamke wa namna hii nimemtafuta bandari kumi na saba. Tulipofika katikati ya maji nikamwambia asijichoshe sana na makasia, maana kabla ya baridi nitamjia kwa miguu yangu, mkavu kama mkate, juu ya chuma. Alivuta makasia kama hakusikia. Halafu akasema, polepole tu, "Siku utakayokuja kwa miguu, Guto, mimi nitakuwa sipo."

Mkataba wake unakwisha adhuhuri ya Calan Gaeaf, siku ya kwanza ya Novemba. Mwenye ardhi ataichukua nyumba amweke mtoza ushuru wa daraja. Gaenor ana kaka yake Liverpool mwenye mashua za kuvusha watu katika mto mpana wa huko. Ataenda.

Nilicheka. Sijui nilichekea nini.

*4 Aprili*

Mvua.

*9 Aprili*

Nimepiga pembe mara mbili. Asubuhi nilikuwa mjane wa Kirusi mwenye mapacha. Jioni nilikuwa daktari wa meno. Kila mara alikuja, kila mara aliuliza, na kila mara alinivusha na kunirudisha na kuchukua nauli yangu. Anayo namna ya kuinamisha uso ili kofia ifiche kicheko. Kofia ya wanawake wa huku ni ndefu, inaweza kuficha mengi.

Mama mkwe wake, Bibi Modlen, alikuwa amekaa mlangoni akichambua sufu. Aliniuliza kama huko Lisboni wanaume hawana kazi za kufanya. Nikasema wanazo, ndiyo maana nilirudi.

*17 Aprili*

Fito za minyororo zinapashwa moto, kisha zinachovywa katika mafuta ya kitani ili zisishike kutu. Penrhyd yote inanuka kama karakana ya mchoraji. Hata maziwa yananuka.

Bwana Mhandisi alitafuta mtu wa kupiga filimbi siku ya kuvuta, ili vibarua wakanyage pamoja. Mnyororo unavutwa kwa maduara mawili, yaani magogo mawili yaliyosimama, kila moja lina mipini mirefu, na watu wanaisukuma wakizunguka kama punda wa kinu. Hatua zikipishana, kazi imeharibika. Filimbi ya meli ninayo. Mzee Elis, ambaye pia ni shemasi wa kanisa la juu, aliuliza nitapiga nini. Nikampigia kidogo. Akafunga macho kama mtu aliyeng'ata limau. Akasema ule ni wimbo wa dansi. Nikasema ndiyo, shemasi, miguu haijui kusali.

*26 Aprili*

Mnyororo wa kwanza umepanda! Nitaeleza, maana wajukuu wa watu wengine watataka kujua.

Mnyororo unalazwa juu ya chelezo kubwa la magogo. Kuna kitambo kifupi ambapo maji yamekwisha kujaa na hayajaanza kupwa, yamesimama kama yanawaza. Hapo mashua zinalivuta chelezo hadi katikati ya minara. Ncha moja ya mnyororo inaungwa na kipande kinachoning'inia toka mnara wa kisiwani, ncha nyingine inavutwa na maduara hadi juu ya mnara wetu, ambapo nimekaa mimi mwenyewe kuipokea. Nilipiga filimbi, watu wakazunguka, chuma kikatoka majini kikidondosha maji kama joka. Watu walipiga kelele pande zote mbili.

Mashua zilizokodiwa kuvuta chelezo zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa ya Gaenor.

Jioni nikamwuliza vipi anakubali kuvuta kamba ya kujinyongea mwenyewe. Akasema, "Kama ni maziko yangu, afadhali nibebe jeneza mwenyewe. Wengine wataligonga ukutani."

*1 Mei*

Calan Mai, sikukuu ya kuingia kiangazi. Vijakazi na vibarua wamekwenda kwenye gulio kutafuta waajiri wapya. Mimi nimebaki nikiitazama ng'ambo. Moshi wake unatoka, kisha upepo unauinamisha huku kwetu. Nimeunusa. Samaki wa kukaanga. Au pengine ni mafuta ya kitani.

*12 Mei*

Mnyororo wa tatu. Nimepiga pembe, nikawa balozi wa Uturuki. Nauli ya nguruwe tena.

*19 Mei*

Nitaandika hivi hivi ilivyokuwa.

Upepo wa kusini-magharibi ulikuwa unapigana na maji yanayopwa, na mawimbi yalisimama wima kama vibanda. Kazi ilifungwa tangu asubuhi. Tulikuwa kwenye kilabu cha pombe pale kando ya gati, nikiwa nimekunywa bia mbili au tatu, nani anahesabu. Mmoja akasema leo hata Gaenor haji. Nikasema kwangu atakuja. Wakacheka. Nikatoka na bia yangu mkononi, wakanifuata mlangoni, nikapiga pembe.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu nikaiona mashua ikitoka. Ilipanda, ikazama isionekane, ikapanda. Kila ilipozama nilihesabu pumzi. Wale jamaa waliacha kucheka, na mmoja mmoja wakarudi ndani, mpaka nikabaki peke yangu na ile bia.

Alifika maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu ndani ya mashua. Kofia ilikuwa imekwenda na upepo. Nywele zilikuwa zimemgandama usoni. Akashika mawe kwa kasia, akauliza, "Nani anavuka, na ana mzigo gani?"

Nilikuwa na mzaha tayari, mzuri, wa punda wa Papa. Ulinikwama. Nikasema, "Hakuna. Nilikuwa tu..."

Aliitazama ile bia. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Alianza kugeuza mashua. Nikamwomba angoje upepo utulie, aingie ajikaushe, nitalipa mimi kila kitu. Akasema, "Bibi yuko peke yake, na ameniona nikitoka." Akarudi katika yale mawimbi.

Nilisimama pale mpaka nilipouona moshi umeongezeka kwenye nyumba yake, nikajua amefika na ameongeza kuni.

*20 Mei*

Bibi Modlen amevuka na mashua ya vibarua, mtu mwenye magoti mabovu kama yale. Alinikuta chini ya mnara. Mkono mmoja ameshika kikapu cha mayai ya kuuza, ila hakuja kwa ajili ya mayai.

"Unajua Ithel wangu alikufaje?" akaniuliza. Ithel ndiye aliyekuwa mume wa Gaenor.

Nikasema nasikia alizama.

"Aliitwa na pembe. Siku kama ya jana. Aliyemwita alichoka kungoja, akaingia kunywa. Hatukumjua ni nani." Akapanga yale mayai, yasiyohitaji kupangwa. "Pengine alikuwa mtu mcheshi tu, kama wewe."

Nimenunua mayai yote. Hakunipunguzia bei.

*21 Mei*

Sikupiga pembe.

*23 Mei*

Sikupiga. Nimevuka na mashua ya vibarua kwenda mnara wa kisiwani. Nilipita karibu na mlango wake. Alikuwa anamwaga maji ya kuoshea, akayamwaga upande ule mwingine.

*2 Juni*

Mnyororo wa sita. Sikupiga pembe.

*11 Juni*

Juu ya mnara nasikia kila kitu. Mchuuzi wa nguruwe alipiga pembe, mashua ikaja, na ile sauti ikapanda juu ya maji, ndogo lakini kamili: nani anavuka, na ana mzigo gani. Yule bwege akajibu, "Nguruwe wanne." Wanne tu, bila hata kupamba. Na yeye akamkaribisha.

Mimi Guto wa Kamba, niliyecheza dansi na binti wa kadhi, au alisema ni wa kadhi, leo nimemwonea wivu mtu wa nguruwe.

*24 Juni*

Mnyororo wa tisa. Ajabu yake ni hii: kila mnyororo unaopanda unanisogeza kwake hatua moja, na unamsukuma yeye hatua moja kwenda Liverpool. Ningekuwa mvivu ningekuwa na bahati zaidi.

*13 Julai*

Mmebakiwa na mmoja, Bwana Mhandisi ametuambia, kana kwamba hatujui kuhesabu.

Na kanisa limekutana. Mzee Elis amenijia kwa upole, nami upole wake nauogopa kuliko sauti yake. Akasema, "Ndugu Guto, minyororo kumi na mmoja tumeipandisha kwa muziki wa vilabuni. Wa kumi na mbili, ambao ni kama fungu la kumi, utapanda kwa wimbo wa Bwana." Nikasema fungu la kumi lingekuwa la kumi, shemasi, si la kumi na mbili. Akasema tusibishane hesabu.

Vibarua wote wamekubali. Wote ni waimbaji, huku mtoto hulia kwa sauti ya pili. Duara la kulia ni la watu wa kanisa la juu, la kushoto ni la watu wa kanisa la chini. Makanisa hayasalimiani vizuri, lakini wimbo waliochagua wanaujua wote. Mimi filimbi yangu imepumzishwa.

*19 Julai*

Mkono umechoka lakini leo lazima.

Asubuhi ilikuwa nzuri kama uwongo. Maji yalisimama, mashua nne zikalivuta chelezo, Gaenor mbele. Nilikuwa juu ya mnara wetu na jamaa wawili, makapi, yaani magurudumu ya kupitishia kamba, yamepakwa mafuta, kamba mbili zimeshuka mpaka kwenye ncha ya mnyororo, kila kamba na duara lake. Filimbi ilikuwa ndani ya buti, kwa mazoea tu.

Wakaanza kuimba. Nisiseme uwongo, nywele zilinisimama. Watu mia na zaidi, sauti nne, miguu ikikanyaga pamoja, na chuma kikipanda. Ubeti wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Nikawaza labda shemasi ana haki, labda miguu inajua kusali.

Ubeti wa tatu ndio wenye maneno matamu. Na sasa sikiliza. Watu wa kanisa la juu, Roho akiwashukia, huurudia mstari wa mwisho. Huurudia mara mbili, mara tano, mpaka waishe machozi. Watu wa kanisa la chini hawarudii. Wao huona kurudia ni kumwambia Mungu hakusikia. Jambo hili kila mtu huku analijua tangu tumboni. Shemasi analijua, mimi nalijua. Hakuna aliyelikumbuka.

Duara la kulia likashika mstari wa mwisho na kuubembeleza, polepole, wazee wamefumba macho. Duara la kushoto likaingia ubeti wa nne kwa nguvu. Kamba moja ikalegea, nyingine ikalia kama fidla. Ncha ya mnyororo ikapinduka ubavu. Wale wa kushoto wakaona uzito wote umewajia, wakasimama. Mipini ikaanza kuwarudisha nyuma, watu wakaanguka. Mnyororo ukaanza kushuka.

Nikatazama chini. Chelezo lilikuwa bado halijatoka. Kamba yake ilikuwa imenaswa kwenye mkia wa mnyororo, na watu wawili walikuwa juu yake wakihangaika nayo kwa shoka. Mashua tatu zilikata kamba zao zikakimbia, wala siwalaumu. Moja haikukata. Gaenor alikuwa ameegemea makasia kwa mgongo wote, anashikilia lile chelezo lisiburutwe na mkondo, kwa sababu angeliachia, wale wawili wangekwenda nalo moja kwa moja chini ya chuma. Aliinua uso, akatazama juu. Kwa umbali ule sikuweza kuona macho yake. Lakini najua alikuwa anatazama nini: tani na tani za chuma, na mimi juu yake.

Nikatoa filimbi. Midomo yangu ilikuwa inatetemeka, sauti ya kwanza ilitoka kama bata anayekabwa. Ya pili ikatoka. Nikapiga ule ule wimbo wa dansi, wa mabaharia, usio na haya hata kidogo, kwa nguvu zangu zote. Filimbi ya meli ni kali, hupasua hata dhoruba, na wimbo wa watakatifu ikaupasua vilevile.

Vichwa vyao vilikuwa mbinguni, lakini miguu yao ilikuwa yangu tangu Aprili. Miguu ikanisikia kabla yao. Kulia wakakanyaga, kushoto wakainuka wakakanyaga, kamba mbili zikakaza sawasawa, mnyororo ukasimama hewani, ukafikiri, ukaanza kupanda. Nikamwona mzee Elis mwenyewe kwenye mpini wa kwanza, ndevu juu, akirusha magoti kama kijana harusini.

Chini shoka likapata kamba. Chelezo likatoka na wale wawili, na mashua ikalivuta taratibu hadi ufukoni.

Tulipokwisha kupiga pini ya mwisho, watu wakashangilia, wengine wakapanda wakavuka juu ya mnyororo kwa mikono na magoti. Mimi nilibaki nimekaa. Hilo siwaambii watu.

Shemasi alinijia jioni. "Ndugu Guto. Ile ilikuwa ya dansi."

"Ndiyo, shemasi."

"Ina beti ngapi?"

"Mbili tu."

Akafikiri. "Mbili Bwana atasamehe," akasema.

*20 Julai*

Nilikuwa gatini, karibu na nguzo ya pembe, sikuigusa. Alimshusha mwuza siagi, kisha hakuondoka. Akakaa makasia yameinuliwa.

"Umepiga filimbi vibaya," akasema.

Nikasema midomo ilinitetemeka.

"Nilisikia." Maji yakadondoka toka kwenye makasia. "Niliapa sitasema na wewe mpaka Calan Gaeaf. Sasa umenivunjisha kiapo."

Nikamwuliza nimwombe msamaha kwa lipi kwanza, kiapo au dhoruba.

"Anza na dhoruba."

Nikaomba. Sitaandika maneno. Hayakuwa na mzaha ndani yake, na kwa hiyo yalikuwa machache.

*5 Agosti*

Tunaning'iniza fito za kushikilia barabara. Kila Jumapili baada ya kanisa navuka, nakaa jikoni kwao, nala uji wa shayiri uliogandishwa na maziwa juu yake. Bibi Modlen anasema mimi nimekuwa mnyamavu, huenda nina minyoo.

*19 Agosti*

Leo nimemposa.

Nilimweleza yote vizuri. Kuna nyumba Penrhyd, ina madirisha mawili na bomba la maji karibu. Nina kazi. Asiende Liverpool. Nikamwambia hatachoka tena, hatalowa tena, hatashika kasia tena maishani mwake.

Akatandaza viganja mezani. Vigumu kama ngozi ya tandiko. "Na hivi utavifanyia nini?" akauliza.

Nikasema nitamnunulia mafuta ya Lisboni, vilainike kama vya malkia.

Bibi Modlen akaguna. Gaenor akavikunja viganja vyake akaviweka mapajani, akaanza kuongea habari za bei ya sufu.

*20 Agosti*

Yalikuwa mafuta mazuri lakini. Sielewi.

*2 Septemba*

Nimeelewa. Nilikuwa natazama kutoka juu akimvusha farasi mwenye woga, mkondo ukiwa umewaka. Aliiachia mashua ichukuliwe pembeni, mbali, mpaka ukadhani amepotea, kisha maji yenyewe yakamrudisha mlangoni kwake kama mtumishi. Yule farasi alitulia. Na yeye alikuwa anaimba.

Hakuwa ananiuliza habari ya ngozi ya mikono. Nilimposa kama mtu anayemwokoa paka kutoka mtoni, naye ni samaki.

*16 Septemba*

Mbao zimefika katikati.

*25 Septemba*

Wiki iliyopita ulivuma upepo mkubwa. Barabara ilicheza juu na chini kama shuka inayokung'utwa, fito zikakatika, mbao zikarushwa. Siku kadhaa mawe na mbao za kutengenezea zilivushwa na mashua, na Gaenor alifanya safari bila kupumzika, uso umeng'aa kama wa msichana.

Kukaza fito mpya ni kazi yangu. Mtu angekaza polepole, daraja lisingefunguliwa mwaka huu, na mwenye ardhi angemwongezea Gaenor mkataba mpaka masika. Niliishika spana mkononi nikiwaza hilo. Halafu nikakumbuka ile mashua ambayo haikukata kamba. Nimezikaza zote, imara. Mtoto wa mtu atapita hapo.

*14 Oktoba*

Bwana Mhandisi ana daraja jingine Uingereza, kubwa kuliko hili. Anataka niwe mkuu wa kamba. Mkuu! Mshahara mnene, watu arobaini chini yangu. Nilimwambia nitamjibu. Usiku kucha nilijiita mkuu, nikasikiliza linavyosikika. Lilisikika vizuri, kisha likaisha.

*30 Oktoba*

Daraja limefunguliwa. Bendera, mizinga midogo, gari la barua mbele, mwenye ardhi na mkewe, halafu umati. Makanisa yote mawili yaliimba, kila moja kwa namna yake, na leo hakuna aliyeumia.

Sisi mafundi tulitembea pamoja. Shemasi alinishika mkono, alikuwa analia. Tulipofika katikati nikasimama. Akaniuliza nina nini. Nikasema kamba ya kiatu. Wakanipita wote. Niliona paa la nyumba ya Gaenor, ng'ambo pale, na moshi hakuna, maana walikuwa wanafunga mizigo. Siku utakayokuja kwa miguu, alisema.

Nikageuka nikarudi nilikotoka. Mia tano mbele, mmoja nyuma. Wamesema nimelewa.

*1 Novemba, Calan Gaeaf*

Naandika juu ya goti, na maandishi yanayumba. Mwenye kusoma anisamehe.

Asubuhi nimempa Bwana Mhandisi jibu. Aliniuliza kama nimepata mshahara mkubwa zaidi. Nikasema sijui kama kuna mshahara wowote.

Nikashuka gatini na kifurushi changu. Kengele ya kanisa ikapiga adhuhuri. Hapo hapo mkataba ukafa, na sheria ya kivuko ikafa nao. Mashua ilikuwa imekwisha kutoka, imejaa, maji yakipwa kuelekea bahari kuu. Juu yake watu walipita darajani wakiangalia mbele.

Nikaitungua pembe. Sikuwa nimeigusa tangu ile Mei. Nikawaza: hadaiwi tena na mtu. Akiendelea, ana haki, nami nitasimama hapa nimwangalie mpaka apotee machoni.

Nikapiga. Ilikuwa na buibui ndani, ikatoa sauti mbaya.

Mashua ikaendelea. Ikaingia chini ya kivuli cha daraja, ikatoka upande wa pili, ikaendelea. Kisha makasia yakainuka, yakakaa hewani.

Kisha omo ya mashua ikaanza kugeuka.

Kurudi dhidi ya maji yanayopwa si mchezo. Alichukua muda mrefu, na katika muda huo sikuwa na la kufanya ila kushikilia pembe. Sauti ya Bibi Modlen ndiyo iliyofika kwanza, akiuliza ni mwendawazimu gani anapiga pembe iliyokufa. Mashua ikasimama pale inaposimama siku zote, urefu wa kasia kutoka kwenye mawe.

"Daraja liko juu ya kichwa chako," Gaenor alisema, akihema. "Na nyie mafundi mnapita bure."

"Ng'ambo yake hakuna mtu," nikasema.

Akaangalia maji. Akaangalia kifurushi. Kofia ilikuwa mpya, ya safari, na safari hii hakuinamisha uso.

"Nani anavuka," akauliza, "na ana mzigo gani?"

Mfalme wa Hispania alinijia hadi kwenye ulimi, na magunia yake yote. Nikamwacha apite.

"Guto Parri," nikasema. "Mzigo hana. Anatafuta kasia la kushika."

Bibi Modlen akasema hakuna nafasi, kuku wamejaa. Gaenor akasogea kwenye ubao, mpaka ukingoni, akaniachia kasia la kushoto.